Kisu cha babu nilikipiga msasa. Nimeharibu kiasi gani?

MwanaGalana (Malindi)

Asalaam aleikum wadau. Someni mpaka mwisho kabla ya kunitukana, maana matusi najua yanakuja na mengine nayastahili.

Babu yangu mzaa mama alifariki mwaka juzi. Ujana wake uliishia kwenye kambi za wawindaji upande wa Galana, na kazi yake ilikuwa uchunaji. Mgeni akishampiga nyati na kupigwa picha ameweka mguu juu ya mzoga, alikwenda zake kivulini. Zamu ya babu na wenzake ilianzia hapo, jua la saa sita likiwa utosini. Aliifanya kazi hiyo mpaka uwindaji ulipopigwa marufuku Kenya nzima mwaka 1977, akarudi nyumbani kwenye mahindi na mbuzi zake. Hakupenda kusimulia.

Mwezi uliopita tumefungua sanduku lake. Chini kabisa, chini ya kanzu mbili na redio mbovu, tukakuta kisu. Ala yake ya ngozi imekauka kama ngisi wa kuanikwa, na bapa lilikuwa jeusi tititi. Mimi niliona kutu tu. Nikakibeba hadi gereji ya binamu yangu hapa mjini, naye kwa kazi hana mchezo: akawasha grainda, akakipitisha brashi ya waya, kisha msasa namba 80. Dakika kumi kikawa kinang'aa kama sahani ya harusi. Nikamlipa mia mbili na soda juu.

Usiku nikakimulika kwa tochi ya simu karibu na kinga ya vidole. Kuna nusu ya umbo la almasi, ndani yake sikio na jicho la mnyama kama paka. Pembeni zimebaki herufi: TE HUN. Basi. Upande wa pili kuna kitobo kidogo kisichopenya, kama mtu aligonga ncha ya msumari. Kwenye kinga kuna tarakimu tatu, na mbele yake pamelainika kama palirambwa. Mpini ni wa pembe fulani yenye mifereji, huo hatukuugusa.

Mwenye kujua aniambie ni kisu gani, na nipeni ukweli mtupu.

PwezaMkavu (Malindi)

Mia mbili NA soda? Binamu apewe nishani ya taifa.

Kinoo (Langoni, Lamu)

Wa aleikum salaam mwanangu. Babu yako Mungu amrehemu, na kisu chake pia.

Herufi hizo zilikuwa WHITE HUNTER. Hicho ni kisu cha Puma, kiwanda cha mji wa Solingen kule Ujerumani, kilichoanza mwaka 1769. Huyo paka wako ndiye puma mwenyewe, nembo yao. Mtindo huo ulitoka 1956, na ulibuniwa kwa kushirikiana na wawindaji wa huku kwetu, wale wa chama cha wawindaji wa kulipwa cha Afrika Mashariki kilichoundwa Nairobi mwaka 1934 na kikafa 1977 hiyohiyo. Chuma ni cha Ujerumani, lakini akili iliyomo ni ya porini kwetu. Kiangalie kilivyo: bapa pana, uzito umesogea mbele, mgongo umenyanyuka. Mtu aweza kuchuna nacho, kisha akakigeuza akagonga mfupa kwa mgongo, makali yasiguswe.

Kitobo hicho si kasoro. Kisu kilipimwa ugumu kwa kukandamizwa ncha ngumu kwenye bapa, na alama ikaachwa makusudi. Nimewahi kumuona mtu hapa Lamu amekiziba kwa gundi ya chuma akidhani kutu imekula. Nilitaka kulia.

Namba nayo ina habari yake. Puma walianza kuigonga kwenye kinga mwaka 1964, na wajuzi huusoma mwaka wa kisu papo hapo. Kisicho na namba ni cha kabla. Chako kinayo, basi kimetoka kiwandani baina ya 1964 na siku babu yako aliporudi kwenye mbuzi zake. Miaka kumi na mitatu hiyo. Ungaliniuliza kabla ya msasa ningalikwambia mwaka wenyewe.

Na ule weusi haukuwa uchafu wote. Mtu wa kazi ile hukipaka kisu chake mafuta ya mnyama, kikaguswa na moshi wa kambi, kikalala alani miaka. Yanagandamana mpaka yanakuwa kama ngozi ya pili. Sisi tunaokusanya visu, ngozi hiyo ndiyo tunayoitafuta. Kisu kikongwe kinachong'aa ni kama mzee aliyepaka piko ndevu: kila mtu ajua kuna kitu kimefichwa.

FundiTupa (Malindi)

Mimi ni fundi chuma, na nitamtetea binamu kidogo. Aliletewa kisu cheusi akaambiwa kisafishwe. Asafishe kwa nini, kwa dua?

Ila kuna swali muhimu kuliko nembo. MwanaGalana, kitazame kisu kwenye jua, hasa ncha na makali. Kuna mahali pana rangi ya samawati au zambarau, kama mafuta ya dizeli juu ya maji? Grainda inachoma. Chuma cha pua kikishapata moto wa kutosha kugeuka samawati, pale ugumu wake umeondoka. Utanoa asubuhi, adhuhuri butu.

MwanaGalana

Nimeenda uani kuangalia. Ipo. Kwenye ncha, kama ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, samawati na kidogo zambarau. Nilidhani ndiyo ubora.

FundiTupa

Pole. Hapo pameshalainika. Usimruhusu mtu yeyote akuambie atakirudisha motoni akitie ugumu upya. Mpini wa pembe hauvumilii moto, na kuubandua ni kuvunja. Acha kilivyo. Ila usikitegemee kwenye ncha.

Na wengine mnaosoma: kisu cha zamani hakipelekwi kwenye mashine. Kinoo cha mkono, maji au mafuta, na subira.

Kinoo

Fundi kanena. Mimi nitaongeza dawa moja tu ya kutu nyekundu, maana wengi mtauliza. Tafuteni senti kumi ya zamani, ile yenye tundu katikati, iliyokuwa ya Afrika Mashariki kabla ya uhuru. Ni shaba. Shaba ni laini kuliko chuma cha pua, kwa hiyo inakwangua kutu bila kuchora bapa. Weka tone la mafuta ya cherehani, acha usiku mzima, kisha kwangua polepole kwa ukingo wa senti, ufute kwa kitambaa cha pamba. Kutu inatoka kama unga wa hina. Weusi unabaki. Nina senti moja nimeitumia miaka mingi, imekuwa nyembamba upande mmoja.

BintiBucha (Mkomani, Lamu)

Naona mnaongea kana kwamba kisu ni picha ya ukutani. Kwetu sisi ni wachinjaji kuanzia baba wa babu. Kisu tunachotumia mpaka leo alikinunua nyanya Mombasa akiwa mwari. Kimenolewa mpaka kimekuwa chembamba kama jani la mnazi, na kinapata kuliko vyote vya kisasa vya dukani. Karibu na mpini kuna nyota na msalaba mdogo, na maandishi RODGERS, SHEFFIELD, ENGLAND.

Baba alikuwa akisema kumchinjia mnyama kisu kisichopata ni dhuluma, na ndivyo dini inavyotuambia: kinoe kwanza, umpumzishe mnyama. Sasa mtu akiniambia nikiweke kabatini nikitazame, mimi nitamtazama yeye.

Kinoo

Binti, hujakosea, na wala sijasema kisitumike. Nasema kisifutwe.

Kisu chako nakitamani bila kukiona. Nyota na msalaba ni alama ya Joseph Rodgers & Sons, watu waliosifika Sheffield nzima. Neno ENGLAND nalo lina kazi: mwaka 1891 Marekani ilianza kudai bidhaa za nje ziandikwe zimetoka nchi gani, na viwanda vingi vikaanza kugonga jina la nchi. Kwa hiyo chako kwa kawaida ni cha baada ya hapo. Angalia tena kama kuna neno STAINLESS. Likiwepo, ni baada ya 1913, maana mwaka huo ndio Harry Brearley alipopata chuma kisichoshika kutu, hukohuko Sheffield.

BintiBucha

Hakuna STAINLESS. Na kinashika kutu nikigeuka tu. Kwa hiyo nyanya aliuziwa cha zamani?

Kinoo

Aliuziwa kizuri. Cha kutu ndicho kinachonoleka. Mwambie yeyote anayetaka kukinunua apitie kwangu kwanza.

BintiBucha

Hakiuzwi ami. Hata kwako.

MjukuuWaata (Kakoneni)

Nimesoma nikanyamaza, lakini nina neno juu ya jina la kisu hicho.

Sisi ni Waata, wengine mnatuita Waliangulu, wengine Wasanye. Kabla ya kambi za wageni, wazee wetu waliwinda ndovu nyika yote ya nyuma ya Malindi kwa upinde. Upinde ambao kuuvuta kunataka nguvu ya zaidi ya pauni 100, yaani kama kunyanyua gunia la nusu kwa vidole, na mshale wenye sumu ya msunguti. Mwaka 1956 na 1957 serikali ya kikoloni ilifanya msako mkubwa Tsavo, wazee wengi wakafungwa kwa kazi waliyoirithi. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana ili Waata wawinde kwa kibali. Mpango haukutufikisha mbali. Wengine waliajiriwa kambini, kufuata nyayo na kuchuna.

Tazama sasa. Mtu anayemjua ndovu kwa nyayo yake, anayejua ngozi ya nyati inaachia wapi ukianza na wapi inagoma, ndiye anayekabidhiwa kisu kilichoandikwa Mwindaji Mzungu. Mwenye jina alikuwa kivulini. Kwangu mimi, herufi hizo kufutika si msiba.

PwezaMkavu

Imebaki TE HUN. Jina la Kichina. Limeisha.

MwanaGalana

Pweza umenichekesha msibani.

MjukuuWaata, umenigusa, na naomba nikujibu kwa jambo ambalo sikuandika mwanzo. Baada ya kusoma ujumbe wa Kinoo nilikitazama mpini. Pembe ile ina mifereji na vinundu upande mmoja, vikali kidogo ukivipapasa. Upande wa pili imelainika kabisa, imekuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na kuna mabonde mawili madogo mahali pa vidole. Nilikishika kwa mkono wa kulia, vidole havikukaa. Nikakihamishia kushoto. Vikaingia vyenyewe.

Babu alikuwa mashoto. Alikula kwa kulia kwa sababu ya adabu, lakini jembe, panga, hata kupiga bao, vyote kushoto. Hakuna mgeni aliyekuja wiki tatu kuwinda anayeweza kulainisha pembe namna ile. Hiyo ni kazi ya miaka. Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba jina lilikuwa la mtu mwingine, lakini natofautiana nawe kwenye msiba. Mimi ningependa herufi zote ziwepo, WHITE HUNTER nzima, halafu kando yake mpini umeliwa na mkono wa mchunaji wa Galana. Mtu akikishika asome yote mawili. Sasa nusu ya habari nimeifuta mwenyewe.

MjukuuWaata

Hapo umesema. Sina la kuongeza.

Kinoo

Mpini huo usiupake vanishi! Nimeandika haraka kwa sababu najua binamu yuko karibu.

MwanaGalana

Ami, alikuwa ameshafungua kopo. Mama ndiye aliyemzuia.

Kinoo

Alhamdulillahi kwa akina mama.

Pembe hiyo ni ya sambari, mnyama wa Bara Hindi mwenye pembe za matawi zinazoanguka zenyewe na kuota tena. Ujerumani walizipenda kwa sababu hazitelezi mkono ukiwa na damu. Zamani zilipatikana kwa wingi, baadaye India ikafunga kuziuza nje, ndiyo maana visu vya siku hizi vingi vina mipini ya mbao au plastiki. Ifute kwa kitambaa kikavu tu. Ikionekana kukauka sana, tone moja la mafuta, si zaidi.

MgeniShela (Shela)

Habari zenu. Mimi ni mtu wa Nairobi, nimehamia Shela kikazi. Nimependa uzi. Nina jambia niliyouziwa na kijana mmoja ufukoni, aliniambia ni ya miaka mia mbili ya mababu zake na mpini ni pembe ya ndovu. Ina kutu kweli na inanuka ukale. Nilitoa elfu kumi na mbili. Rafiki yangu aliyeko ng'ambo ameiona akaniambia nimpelekee. Nimepatikana au nimebahatika?

Kinoo

Bwana MgeniShela, karibu Lamu. Twende ndia moya moya.

Kutu kwanza. Ifute kwa kidole. Ikitoka unga mwekundu ni changa hiyo, ya mwaka huu au jana. Kutu ya umri ni nyeusi, ngumu, imeshikamana na chuma. Wapo watu hapa mui wa Lamu, na siwataji, wanaozika jambia kwenye tope la mikoko wiki mbili, wanaipaka ndimu na majani ya chai, kisha wanakuuzia na hadithi. Ule unaouita ukale ni tope.

Mpini. Chukua kioo cha kukuza. Ukiona vitone na vijistari vyeusi vidogo kama vinyweleo, ni mfupa wa ng'ombe, na omba iwe hivyo. Pembe ya ndovu ikikatwa huonyesha mistari inayopishana kama ukili wa mkeka. Plastiki haina lolote, ni laini tu na inapata joto haraka mkononi.

Ukiona ukili huo, usinionyeshe mimi na usimpelekee mtu ng'ambo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haiulizi kama ulirithi au ulinunua ufukoni. Kukaa na kitu cha ndovu au kifaru bila kibali ni kosa, na adhabu yake ni nzito kuliko jambia yako. Nchi hii ilichoma tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989, ikachoma tani 105 mwaka 2016. Haitaionea huruma ya kwako. Nenda kwa watu wa wanyamapori ukaieleze mwenyewe kabla hawajakuuliza.

Na ikiwa kweli ni ya miaka mia mbili, hapo umeingia sheria nyingine, ile ya makumbusho na turathi ya 2006. Kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 hakitoki nje ya nchi bila idhini. Ama ni bandia na umepigwa, ama ni ya kweli na haiendi popote.

MgeniShela

Nimeifuta. Kidole chekundu. Na mpini una vitone.

BintiBucha

Hongera, umenunua ng'ombe kwa elfu kumi na mbili. Hata sisi hatuuzi mfupa bei hiyo.

MgeniShela

Nakubali. Ila nauliza kwa nia njema: za kweli zilikuwa zinatoka wapi? Uarabuni tu?

Kinoo

Nyingi zilikuja kwa majahazi kutoka Omani na Yemeni, na wazee wetu walizivaa kwenye mikanda siku za Idi na Maulidi. Lakini msidhani tulikuwa wa kununua tu. Siyu, pale kisiwani Pate, palikuwa na mafundi wa kila kitu: ngozi, viatu, mikanda ya kudarizi, chuma. Ala ya ngozi ya Siyu, ukiitia mkononi, mshono wake ni mdogo kama punje za ufuta. Na lugha yetu ina majina kwa kila chuma: hanjari, kitara, shembea, upanga wa feleji uliokuwa mrefu wenye makali pande mbili, upanga wa imani ambao ni mfupi. Watu hawabuni majina yote hayo kwa kitu wasichokijua.

Linaloniudhi ni hili. Mtu atatoa elfu thelathini kwa kisu cha Solingen, kisha apite kwa mgema aliyefunga kotama, kisu chake cha kugemea, kiunoni asiigeuzie hata jicho. Kotama ile imefuliwa na mhunzi, mpini umechongwa na mwenyewe, imepanda minazi elfu. Atakapokufa mgema itatupwa.

FundiTupa

Hapo ami umenigusa mimi. Baba yangu alifua kotama za wagema wa Kigiriama, karibu zote kwa springi za Landrover. Springi ni chuma kizuri, kina ustahimilivu. Alikuwa akitia ugumu kwa mafuta, si maji, na anautazama moto kwa jioni jioni tu kwa sababu mchana rangi ya chuma haionekani vizuri. Alinifundisha kuitambua ile nyekundu ya komamanga bivu. Ikipita hapo ikawa ya machungwa, ameharibu. Hakugonga jina lake hata kwenye moja. Leo nikiiona kotama yake sokoni naijua kwa kitu kimoja: msuka, yaani mkia unaoingia mpinini, aliukunja kidogo mwishoni ili usichomoke. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo.

Kinoo

Fundi, unazo ngapi?

FundiTupa

Moja. Na ina ufa.

Kinoo

Iandikie karatasi. Nani alifua, wapi, kwa chuma gani, ule mkunjo wa msuka. Ikunje uiweke pamoja nayo. Nakwambia kwa uzoefu, visu ninavyovijutia kabatini kwangu ni vile nilivyonunua bila kumuuliza muuzaji vilikuwa vya nani.

PwezaMkavu

Sasa swali la wenye akili kidogo kama mimi. Huku kwetu hata kijiko kinashika kutu kwa chumvi ya hewa. Mnavihifadhi vipi? Mimi ninacho kisu cha mkunjo cha baba, chapa ya Buck, nimekipaka mafuta ya nazi kimenata kama halwa.

Kinoo

Mafuta ya nazi ni ya nywele na wali. Yakikaa yanachacha, yananata, yanashika vumbi. Kifungue, kisafishe kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, kikauke kabisa, kisha mafuta ya cherehani kwenye kiungo na utando mwembamba kwenye bapa. Mtu akikishika aone hakuna mafuta, lakini kidole kiteleze.

Na jambo ambalo wote wanakosea: msikihifadhi kisu ndani ya ala. Ngozi hunyonya unyevu na ina dawa za kutengenezea ngozi ambazo hula chuma polepole, na zikikutana na shaba huotesha ukijani. Ala ilale upande wake, kisu upande wake. Mimi navifunga kwa kitambaa cha kanga kuukuu kilichopakwa mafuta kidogo, ndani ya kopo la biskuti, na vile vifuko vidogo vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kila kusi likianza nafungua kopo nakagua kimoja kimoja. Mke wangu anasema nawabusu usiku mwema.

BintiBucha

Kisu kinachotumika kila siku hakihitaji kopo la biskuti. Nimemaliza.

MwanaGalana

Ami Kinoo, nikuombe. Nakuja Lamu wiki ijayo kwa harusi ya upande wa baba. Nikikileta utakitazama? Naogopa njiani tu, basi linasimamishwa na mizigo inakaguliwa mpaka Mokowe.

Kinoo

Kilete. Usikiweke mfukoni wala kwenye mkoba wa mkononi. Kifunge kwa kitambaa, kisha gazeti, kisha kamba, kiwe katikati ya nguo kwenye begi la chini, na ukiulizwa sema mapema kabla hawajakikuta wenyewe. Chukua picha ya babu pia kama ipo, hasa akiwa kazini.

MwanaGalana

Picha za kambi hatuna. Zipo za wageni, kwa wageni.

Lakini jana usiku nilimsomea mama uzi huu wote, alikuwa anachambua mchicha. Nilipofika kwenye kile kitobo, ugumu, kiwanda, Ujerumani, alinyamaza kisha akaomba kisu. Akasema yeye hakujua habari za kiwanda, ila utotoni babu alipokuwa akichuna mbuzi wa Idi alianza kila mara kwa kuweka ncha ya kidole gumba kwenye kile kitobo, akikitafuta bila kutazama, kisha ndipo anaingiza makali chini ya ngozi. Walipomuuliza aliwaambia, "Hapa ndipo kisu kinaponijua."

Nimekitafuta usiku gizani. Kwa mkono wa kushoto, gumba linafika pale pale.

Kinoo

Hiyo ndiyo uandike kwenye karatasi, mwanangu, kabla hujapanda basi. Na uje Jumanne, Jumatatu sipo, nakwenda Matondoni kwa fundi wa majahazi mmoja mwenye tezo ya babu yake. Nimesikia nayo wanataka kuipiga msasa.